Skrini Isichukue Nafasi ya Mkufunzi: Maoni Juu ya Kufundisha Uingizaji wa Mpira wa Kupumulia

Miongoni mwa masomo ya vitendo, magumu kupita yote kufundisha ni yale ambayo kazi yake hutendeka mahali pasipoonekana na watu wawili kwa wakati mmoja. Seremala humwona mwanagenzi wake anapoishika randa vibaya, naye humsahihisha papo hapo. Mwalimu wa sayansi kimu huuona mshono unapoanza kupinda kabla nguo haijaharibika. Lakini mkufunzi wa nusukaputi, kwa muda mrefu, alimfundisha mwanachuo kazi ambayo yeye mwenyewe hakuweza kuiona inapotendeka. Kazi hiyo ni kuingiza mpira wa kupumulia katika koo la hewa la mgonjwa aliyelazwa usingizi kwa ajili ya upasuaji, au aliyezidiwa na maradhi hata pumzi zake hazimtoshi.

Siku hizi kipo chombo kinachoondoa kizuizi hicho. Nacho ni laringoskopu ya video, yaani chombo cha kuchungulia zoloto chenye kamera ndogo karibu na ncha ya bapa lake, ambayo hupeleka picha kwenye skrini ili wote waliopo waione. Makala haya hayakusudii kuwafundisha matabibu kazi yao. Mwandishi ni mkufunzi wa mbinu za kufundishia, na baadhi ya wanachuo wake ni wauguzi na matabibu walioteuliwa kwenda kufundisha katika vyuo vya afya. Kusudi la makala ni kutoa hoja moja tu: chombo hiki kimempa mkufunzi jicho, lakini hakikumpa mwanachuo mkono. Chuo kitakachosahau tofauti hiyo kitatoa wahitimu wanaoona vizuri na kutenda vibaya, hali mgonjwa asiyepumua hana muda wa kuwasubiri.

Safari ya jicho

Yafaa tukumbuke kwamba mmoja wa watu wa mwanzo kuona zoloto la mtu aliye hai likifanya kazi hakuwa tabibu, bali alikuwa mwalimu. Manuel García alikuwa mwalimu wa uimbaji. Mwaka 1854, akiwa mjini Paris, alichukua kioo kidogo cha daktari wa meno, akakiingiza kinywani mwake, akatumia kioo kingine cha mkononi kuelekeza mwanga wa jua kooni. Hapo akaona nyuzi zake mwenyewe za sauti zikifunguka na kufungika. Mwaka uliofuata taarifa ya aliyoyaona ilisomwa mbele ya Royal Society mjini London. Hamu yake ilikuwa ya kialimu: alitaka kujua sauti inavyotengenezwa ili awafundishe waimbaji kwa ujuzi, si kwa kubahatisha.

Waliokuja baadaye waliifupisha njia. Mwaka 1895, mjini Berlin, Alfred Kirstein alilitazama zoloto moja kwa moja bila kioo. Mwaka 1943 Robert Macintosh wa Oxford alitangaza bapa lake lililopinda, ambalo ncha yake hukaa kwenye shina la ulimi, mbele ya kijifuniko kiitwacho epiglotisi. Bapa la namna hiyo linatumika hata leo duniani kote. Mwaka 1984 Cormack na Lehane walitoa madaraja manne ya kueleza kile mtazamaji anachokiona: daraja la kwanza ni kuuona mlango wote wa zoloto, la pili ni kuona sehemu yake tu, la tatu ni kuona epiglotisi peke yake, na la nne ni kutoiona hata hiyo epiglotisi.

Madaraja hayo yalikuwa msaada mkubwa kwa ufundishaji, kwani yaliwapa mkufunzi na mwanachuo lugha moja. Hata hivyo, tatizo la asili lilibaki. Njia ya kuonea kupitia kinywani ni nyembamba, nayo haitoshi macho ya watu wawili. Mkufunzi huuliza, "Unaona nini?" Mwanachuo hujibu, "Naona." Anaona nini hasa? Huenda anaona mlango wa zoloto, na huenda anaona mlango wa umio, ambao ni njia ya chakula. Mkufunzi hana namna ya kujua ila kumwondoa mwanachuo na kuchungulia mwenyewe. Naye akichungulia, mkono umekwisha badilika, na somo limekwisha potea.

Laringoskopu ya video iliyobuniwa na daktari mpasuaji John Pacey wa Kanada ilianza kutumika mwaka 2001, na baada yake zikaja nyingine nyingi. Kwa mara ya kwanza swali la "unaona nini" liliweza kujibiwa na watu wote waliozunguka kitanda.

Manufaa yasiyobishaniwa

Manufaa ya chombo hiki si ya kudhania. Mwaka 2023 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanywa Marekani katika idara za dharura na wodi za wagonjwa mahututi, ukiwahusu wagonjwa 1,417. Wengi wa waliofanya kazi hiyo walikuwa madaktari walio bado mafunzoni. Walipotumia laringoskopu ya video, mpira uliingia katika jaribio la kwanza kwa wagonjwa 85.1 katika kila 100. Walipotumia laringoskopu ya kawaida, uliingia kwa wagonjwa 70.8 katika kila 100.

Tofauti hiyo ina uzito gani? Kila jaribio linaloshindikana humaliza sehemu ya oksijeni iliyomo mwilini, huvimbisha koo, huleta damu, na kulifanya jaribio linalofuata kuwa gumu zaidi. Kwa hiyo jaribio la kwanza ndilo bora, na kila linaloongezwa ni deni analolipa mgonjwa.

Tuongeze jambo jingine linalowahusu zaidi walimu. Tafiti mbili za mwaka 1998 na 2003, zilizochunguza wanaojifunza kwa laringoskopu ya kawaida, zilionyesha kwamba ili mwanafunzi afikie kiwango cha kufaulu mara 9 katika kila 10, alihitaji kufanya kazi hiyo mara 57 kwa hesabu ya utafiti wa kwanza, na mara 47 kwa hesabu ya ule wa pili. Seremala hujifunzia mbao, na mbao ikiharibika hutupwa. Mwanachuo wa nusukaputi, baada ya kumaliza sanamu ya mafunzo, hujifunzia watu. Basi chombo chochote kinachompunguzia mwanachuo makosa katika siku zake za mwanzo ni sadaka kwa wagonjwa wasiojua hata kwamba wamekuwa darasa.

Kuona si kuweza

Pamoja na hayo yote, wanaokitumia chombo hiki wanayajua malalamiko haya: "Picha ilikuwa nzuri kabisa, lakini mpira ulikataa kuingia." Mkufunzi asiyeielewa sababu yake atamlaumu mwanachuo kwa uzembe, kumbe kosa liko katika somo.

Sababu ni hii. Mabapa ya laringoskopu za video ni ya namna mbili. Yapo yenye mpindo wa kawaida, kama lile la Macintosh, na yapo yenye mpindo mkali sana. Haya ya pili huiwezesha kamera kuona nyuma ya kona ya ulimi bila kulazimika kuinyoosha njia. Mtu aliyepanda juu ya ukuta aweza kukiona kisima kilichoko upande wa pili, lakini ndoo haipiti njia ya macho. Hupita njia ya miguu, na njia hiyo ina kona zake. Kadhalika kamera imeiona kona, lakini mpira hauna budi kuizunguka. Ndiyo maana mpira huo hutiwa ndani yake waya mgumu wa kuongozea, uliopindwa kwa kiasi cha mpindo wa bapa lenyewe. Anayetumia bapa la mpindo mkali bila waya wa namna hiyo anatarajia mpira upande ukuta wenyewe.

Lipo na jambo la pili, nalo ni zito zaidi. Skrini huvuta macho. Mwanachuo akisha kuipata picha nzuri huogopa kuiacha, naye huuingiza mpira huku macho yake yakiwa kwenye skrini. Lakini ncha ya mpira haionekani kwenye skrini mpaka ifike mbele ya kamera. Kati ya midomo na kamera kuna mahali ambapo mpira unakwenda bila kutazamwa na mtu yeyote. Hapo ndipo kaakaa laini lilipotobolewa, na nyama za kando ya koo zilipojeruhiwa, kwa wagonjwa ambao taarifa zao zimeandikwa katika majarida ya utabibu. Jicho lilikuwa mahali pazuri kwa wakati mbaya.

Kwa hiyo, somo la kwanza la laringoskopu ya video si la mkono. Ni somo la macho: yawe wapi, na wakati gani. Waliobobea katika kazi hii huifundisha kwa mitazamo minne, nami napendekeza kila chuo kiifundishe kwa mpangilio huo huo:

1. Tazama kinywani. Bapa liingizwe taratibu huku jicho likiangalia midomo, meno na ulimi. Kama ni bapa la mpindo mkali, lipite katikati ya ulimi.

2. Tazama skrini. Bapa liendelezwe mpaka epiglotisi ionekane, kisha liinuliwe polepole mpaka mlango wa zoloto uonekane. Mwanachuo asiitafute picha kubwa kupita kiasi. Zoloto likiijaza skrini nzima, maana yake bapa limekaribia mno, na njia ya mpira imekuwa ya kupanda. Yafaa alirudishe nyuma kidogo, ili mlango wa zoloto ukae katika nusu ya juu ya skrini na nafasi ya chini ibaki kwa ajili ya mpira.

3. Tazama kinywani tena. Mpira uingizwe kwa upande wa kulia, ukiambaa na bapa, na jicho liufuate mpaka ncha yake itoweke nyuma ya ulimi.

4. Tazama skrini tena. Ncha ya mpira itatokea, nayo iongozwe hadi kati ya nyuzi za sauti. Ikisha kuingia mlangoni, msaidizi aurudishe waya nyuma kidogo ndipo mpira uendelee. Ukigota kwenye ukuta wa mbele wa koo la hewa, usisukumwe kwa nguvu, bali uzungushwe kuelekea kulia, kama mkono wa saa uendavyo, nao utaiacha ile kona.

Mwalimu mzoefu ataona mara moja kwamba mitazamo hii minne ni andalio la somo lililokwisha kamilika. Ina mwanzo, ina mfuatano, na kila hatua ina kitu kimoja cha kuangaliwa na kitu kimoja cha kutendwa. Kosa likitokea, mkufunzi aweza kusema limetokea katika mtazamo upi.

Ulimi wa mkufunzi

Kwa vile mkufunzi sasa anaona, kishawishi kikubwa kinachomkabili ni kusema mno. Katika mazoezi ya ufundishaji nimewasikiliza wakufunzi waliosimama nyuma ya mwanachuo na kumwagia maneno mfululizo: "Sogeza, sogeza, hapo, siyo hapo, juu, juu!" Mwanachuo ana vitu viwili mikononi: bapa katika mkono wa kushoto na mpira katika mkono wa kulia. Akiambiwa "juu", ainue kipi? Akilitumia bapa kama mtaimbo na kuyaegemea meno, atavunja jino akidhani anatii amri.

Napendekeza kabla ya kazi kuanza, mkufunzi na mwanachuo wapatane juu ya maneno machache, na kila neno liwe na maana moja tu. "Inua" iwe ni kuinua bapa kwa kufuata mwelekeo wa mpini wake, bila kuyaegemea meno. "Rudi" iwe ni kurudisha bapa nyuma kidogo. "Zungusha" iwe ni kwa mpira peke yake. "Simama" iwe ni kusimamisha mikono yote miwili mara moja, bila kuuliza sababu. Neno hili la mwisho lifanyiwe mazoezi kwenye sanamu mpaka liwe mazoea, kwani ndilo linalomlinda mgonjwa.

Upande wa pili, mwanachuo naye aseme. Kila anachokiona akitaje kwa sauti: "Naona epiglotisi. Naona mlango wa zoloto, nusu yake. Mpira umetokea kulia." Jambo hili si mapambo ya darasani. Mwongozo uliotolewa mwaka 2022 na wataalamu wa njia ya hewa kutoka nchi mbalimbali, juu ya kuzuia mpira kubaki katika umio bila kutambuliwa, unahimiza anayeingiza mpira aseme kwa sauti kile anachokiona katika kila jaribio. Matabibu wamelifikia kwa njia yao jambo ambalo walimu tulikwisha kulijua: anayeweza kusema anachokitenda, anakijua, na anayenyamaza, hatujui kama anajua.

Hapa hatua nne za Rodney Peyton, daktari mpasuaji aliyeandika juu ya ufundishaji wa utabibu mwaka 1998, zinatufaa sana. Katika hatua ya kwanza mkufunzi hutenda kazi yote kwa mwendo wake wa kawaida, bila maelezo. Katika ya pili hutenda polepole huku akieleza. Katika ya tatu mkufunzi hutenda, lakini mwanachuo ndiye anayeeleza na kumwongoza. Katika ya nne mwanachuo hutenda na kueleza mwenyewe. Zamani hatua ya tatu ilikuwa karibu haiwezekani katika somo hili, kwani mwanachuo angewezaje kuongoza kazi asiyoiona? Leo inawezekana, nami nashangaa kuona ndiyo inayorukwa mara nyingi zaidi. Wakufunzi huonyesha, hueleza, kisha humkabidhi mwanachuo chombo. Hatua inayorukwa ndiyo hasa ile ambayo skrini imeileta.

Kitangulie chombo kipi?

Wapo wakufunzi wasemao kwamba mwanachuo aanze na laringoskopu ya kawaida, ahangaike nayo kama wao walivyohangaika, na akisha kuiweza ndipo apewe ya video. Hoja yao ina haki ndani yake. Kamera hutiwa ukungu kwa pumzi, lenzi hufunikwa na damu au mate, betri huisha, nacho chombo ni ghali, na si kila hospitali inacho. Mhitimu asiyejua kutazama kwa jicho lake mwenyewe atakwama siku skrini itakapozimika.

Wapo wengine wasemao kwamba chombo cha zamani kimepitwa na wakati, na kukifundisha ni kupoteza saa za masomo. Hao nao wana hoja, maana takwimu tulizozitaja ziko upande wao, na mwongozo ule wa mwaka 2022 unashauri laringoskopu ya video itumike kwa kawaida kila inapowezekana.

Maoni yangu ni kwamba mabishano haya yanasahau kuwa kuna bapa linalowatumikia wote wawili. Laringoskopu ya video yenye bapa la mpindo wa kawaida humruhusu mwanachuo kutazama moja kwa moja kinywani, kama alivyotazama Kirstein, na wakati huo huo mkufunzi akatazama skrini. Skrini na igeuziwe mkufunzi, si mwanachuo. Mwanachuo ajifunze ufundi wa zamani, yaani kupita upande wa kulia, kuusogeza ulimi kushoto, na kuinua bila kuyagusa meno. Lakini ajifunze chini ya jicho ambalo waliomtangulia hawakulipata. Akikwama, skrini igeuzwe, naye aone alichokuwa anakikosa. Mgonjwa hatapata hasara kwa sababu ya mafunzo, na mwanachuo hatakuwa mtumwa wa picha. Bapa la mpindo mkali lifundishwe baadaye, kama somo linalojitegemea, pamoja na waya wake na mitazamo yake minne.

Nauliza: kuhangaika kwa mwanachuo kuna faida gani kwake yenyewe? Hakika lipo hangaiko linalofundisha, nalo ni lile la kufikiri. Lakini hangaiko la kutosahihishwa halifundishi kitu ila woga. Tena gharama yake hailipwi na mwanachuo wala mkufunzi. Hulipwa na aliyelala.

Upimaji

Jinsi tunavyopima ndivyo wanachuo watakavyojifunza. Tukimpa mwanachuo alama kwa kupata picha nzuri, atakuwa hodari wa picha. Tukimpa alama kwa kasi, atakuwa na pupa, na haraka haraka haina baraka. Upimaji wa kazi hii hauna budi kufuata lengo lake, na lengo lake si mpira kuonekana ukipita. Lengo ni hewa kuingia mapafuni.

Hata wenye uzoefu wamewahi kuapa kwamba waliuona mpira ukipita kati ya nyuzi za sauti, kumbe umo katika umio. Shahidi asiyedanganywa kwa urahisi ni hewa ya ukaa inayotoka na pumzi. Ule mwongozo wa mwaka 2022 unataka hewa hiyo ionekane kwenye mashine ya kuipimia kwa muda wa pumzi zisizopungua saba, na anayeingiza mpira pamoja na msaidizi wake, kila mmoja kwa kinywa chake, watamke kwamba imeonekana. Isipoonekana, jambo la kwanza la kushukiwa ni kwamba mpira umo mahali pasipo pake, hata kama picha ilikuwa nzuri namna gani. Kwa hiyo, katika kila karatasi ya upimaji, pumzi hizo saba ziwe sharti. Mwanachuo aliyeingiza mpira kwa ustadi wote akasahau kuthibitisha, asihesabiwe kuwa amefaulu.

Sharti la pili liwe kujua kuacha. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2015 uliweka kikomo cha majaribio matatu, na la nne kwa mtu mwenye ujuzi zaidi peke yake. Mwanachuo anayesema, "Nimeshindwa, tumpe mgonjwa hewa kwa barakoa na tumwite mwenzetu," apewe alama za juu kama yule aliyefaulu. Katika vyuo vyetu tumezoea kuona kushindwa kuwa aibu. Katika kazi hii, aibu ni kuendelea.

Kumbukumbu za picha

Baadhi ya laringoskopu za video huweza kuhifadhi picha. Hiyo ni zana ya kufundishia ya thamani kubwa. Picha ya dakika moja yaweza kurudiwa mara kumi darasani, ikasimamishwa pale mwanachuo alipolikaribia zoloto kupita kiasi, nao wenzake wakaulizwa wangefanya nini. Kundi zima litajifunza kutokana na mgonjwa mmoja, badala ya kila mmoja kutafuta wake. Hata chuo chenye chombo kimoja tu chaweza, kwa namna hii, kufundisha wanachuo wengi.

Hata hivyo, zoloto ni la mtu, na mtu huyo ana heshima yake. Picha zichukuliwe kwa idhini ya mgonjwa, zisiwe na jina wala sura yake, na zitumike darasani tu. Aidha, zisionyeshwe kwa nia ya kumfedhehesha mwanachuo aliyekosea. Mkufunzi aanze na picha zake mwenyewe, zile ambazo kazi ilikuwa ngumu, ili darasa lijue kwamba makosa yanachunguzwa na hayachekwi.

Hitimisho

Wazee walisema elimu bila amali ni kama nta bila asali. Skrini hutupa nta iliyopangika vizuri: picha safi, yenye mwanga, mbele ya macho ya wote. Asali hutoka katika mkono uliofundishwa mahali pa kukaa, katika jicho lililofundishwa wakati wa kuhama, katika ulimi uliofundishwa kutaja unachokiona, na katika moyo uliofundishwa kuacha. Hakuna hata kimoja katika hivyo kinachofundishwa na kamera.

Basi, wakufunzi wenzangu wa vyuo vya afya, chombo kikifika chuoni kwenu msikifungue sanduku lake siku hiyo hiyo na kuwaita wanachuo. Kaeni kwanza mwandike andalio la somo: mitazamo minne, maneno manne ya amri, hatua nne za kuonyesha, na pumzi saba za upimaji. Amueni skrini itamtazama nani, na kwa juma lipi la mafunzo. Mkisha kuamua hayo, washeni chombo.